Mashine Namba Tisa

Jumatatu, 4 Machi

Muhula umefunguliwa na mvua zimefunguliwa, vyote asubuhi moja. Mkuu wa chuo ametugawia madaftari mapya, eti kila mfanyakazi aandike malengo yake ya muhula. Katika langu nitaandika ninayoyataka. Mimi ni fundi wa kompyuta wa chuo hiki cha uuguzi. Mashine kumi na nne, fundi mmoja, na wote wananiita Fundi kana kwamba mama yangu hakunipa jina. Lengo langu la muhula: watu waache kuzima kompyuta kwa kuchomoa waya ukutani.

Jumatano, 6 Machi

Mvua. Hakuna la maana.

Ijumaa, 8 Machi

Paa la ofisi kuu limetushinda leo. Saa nne maji yalianza kudondoka juu ya dirisha, saa nne na nusu yalikuwa yanadondoka juu ya kila mtu. Nikapiga kelele, "Mashine kwanza, watu baadaye!" Wote wakainuka. Tulipanga mstari, mimi nachomoa, wao wanapokezana hadi kwenye korido. Bwana Mitihani, yule msimamizi wa mitihani mwenye viatu vinavyong'aa hata kwenye tope, alivua viatu akavishika mkononi. Tulicheka mpaka Mkuu akatoka kuuliza nani ameolewa.

Mama Mihuri hakubeba kompyuta. Yeye ni karani wa masjala, na mihuri yote ya chuo inalala kwenye kopo lake la bati lenye kufuli. Alilikumbatia kopo kifuani akatoka nalo. Nikamwambia, "Mama, mashine yako inalowa." Akasema, "Hiyo ina fundi, mwanangu. Hii haina." Alasiri paa lilizibwa kwa turubai, tukarudisha mashine mezani harakaharaka, kila mtu akakimbilia nyumbani.

Jumanne, 12 Machi

Mama Mihuri ameniudhi. Nilikuwa namweleza Bwana Mitihani kwa nini asichapishe kila barua pepe, kwani karatasi zinakwisha. Mama akadakia kutoka mezani kwake, "Mwacheni Fundi, alipokuja hapa hakujua tarehe ya barua inakaa upande gani." Ofisi nzima ikaangua kicheko. Ni kweli, yeye ndiye aliyenifundisha kuandika barua ya kikazi, miaka sita iliyopita, mstari kwa mstari. Lakini wema ukikumbushwa kila wiki unageuka kuwa deni.

Nimemwambia wifi, mke wa kaka yangu ninayekaa kwao. Akasema, "Wewe hupendi kuchekwa, basi."

Jumanne, 19 Machi

Barua pepe ya ajabu imeingia kwenye masanduku ya watu wote. Imetoka kwa Mkuu, ina kiambatisho na maneno mawili tu: "Angalia hii." Mkuu anaapa hajatuma kitu. Nimewaambia wasifungue.

Jumatano, 20 Machi

Zimefika sita leo, zote kwa jina la Mkuu, zote zina kirusi. Hospitali tatu zimepiga simu kulalamika kuwa wamezipokea wao pia. Nimebandika tangazo mlangoni kwa herufi kubwa: USIFUNGUE BARUA USIYOITARAJIA.

Alhamisi, 21 Machi

Sasa ni balaa. Hospitali kubwa kuliko zote imefunga mlango: barua pepe yoyote kutoka chuoni kwetu inatupwa kabla haijasomwa. Nyingine nne zimefuata. Na wiki hizi ndizo tunazowapelekea barua za kuwapangia wanafunzi mafunzo ya wodini. Asiyepangiwa sasa anapoteza muhula. Mkuu ameniita ofisini, akafunga mlango, akasema, "Nataka nijue imetoka wapi. Na nataka nijue wiki hii."

Kusema kweli nilifurahi. Miaka sita nabadilisha vipanya na kufuta vumbi, leo kuna kazi ya kichwa.

Ijumaa, 22 Machi

Nimeipata.

Jina lililoandikwa juu ya barua pepe si kitu, yeyote anaweza kuandika jina la yeyote. Lakini chini ya jina kuna mistari ambayo watu hawaioni mpaka uifungue makusudi. Kila mtambo unaoipitisha barua unaandika pale: imetoka kwa fulani, saa fulani. Unaisoma kutoka chini kwenda juu, unarudi nyuma hatua kwa hatua hadi ilikozaliwa. Nimesoma ishirini na saba kati ya hizo. Zote zimezaliwa ndani ya ofisi yetu, zote kwenye mashine namba tisa.

Nikaenda kuangalia namba nilizobandika mwenyewe. Namba tisa ni meza ya Mama Mihuri.

Sikushangaa hata kidogo. Nilijiambia, nani mwingine? Nimeandika ripoti ya kurasa mbili, tarehe upande wa kulia.

Jumatatu, 25 Machi

Kikao cha wafanyakazi wote. Mkuu alinipa nafasi, nikawasha projekta, nikawaonyesha ile mistari. Nilisema "mashine namba tisa" mara tatu kabla sijasema ni ya nani, na nadhani nilifanya hivyo kwa sababu niliona watu wananisikiliza.

Mama Mihuri alisimama. "Mimi sijafungua kitu," alisema. "Niliona lile tangazo, nikaacha. Sijafungua."

Mkuu akanitazama. Nikasema, "Mama, haya si maneno ya watu. Kila mtambo unaopitisha barua unagonga muhuri wake hapa. Angalia. Tisa. Tisa. Tisa."

Alisogea hadi ukutani, akavaa miwani yake, akasoma. Alikaa pale muda mrefu. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Kumbe hata huko kuna mihuri." Akarudi kwenye kiti. "Basi labda nilifungua. Labda nilibonyeza vibaya. Mnisamehe jamani."

Baada ya kikao nilichukua mashine iliyokuwa mezani kwake, nikaifuta yote bila kuipekua. Mkuu alitaka wepesi, nami nilikuwa na uhakika. Bwana Mitihani aliniambia nimefanya kazi ya kipelelezi, akazima mashine yake na kuondoka kwenda kusimamia mitihani ya tawi letu la mbali. Atarudi baada ya wiki tatu.

Jumanne, 26 Machi

Mkuu amemwandikia Mama Mihuri barua ya onyo, na amehamishiwa stoo ya sare. Barua ya onyo haina nguvu bila muhuri wa chuo, na mihuri anayo yeye. Tarishi akampelekea. Nilikuwepo. Aliisoma, akafungua kopo, akachagua muhuri, akaupima kwenye karatasi ya taka kwanza kama afanyavyo siku zote, akaigonga. Ikatoka safi. Kisha akampa tarishi ile barua na kopo na ufunguo wake.

Jumatano, 27 Machi

Hakuna barua yenye kirusi leo.

Alhamisi, 28 Machi

Hakuna. Mkuu amenisifu mbele ya watu.

Jumatano, 3 Aprili

Mvua mchana kutwa. Nilikwenda stoo kutafuta waya, nikamkuta Mama Mihuri amekaa kati ya marundo ya sare nyeupe, simu sikioni, karatasi mapajani. Alikuwa anaongea na karani wa hospitali moja. "Ndiyo, ni mimi," alikuwa anasema. "Kosa ni langu, dada yangu. Utu uzima na mashine haviendi pamoja. Wasiwaadhibu watoto, niadhibuni mimi." Alipokata simu aliweka alama ya vema kwenye karatasi.

Nikamuuliza nani amemtuma. Akasema, "Nani anitume? Wanafunzi wanakosa nafasi kwa ajili yangu." Hospitali mbili zilikuwa zimeshafungua mlango.

Nilimwambia ahsante.

Jumatano, 10 Aprili

Nimealikwa kutoa somo kwa mafundi wa vyuo vingine, tarehe 23: jinsi ya kufuata nyayo za barua yenye virusi. Wifi ameniazima blauzi yake nzuri. "Ukiimwagia chai," akasema, "usirudi hapa."

Jumatatu, 15 Aprili

Bwana Mitihani amerudi, na viatu vipya.

Jumanne, 16 Aprili

Saa tano asubuhi imeingia barua pepe kutoka kwa Mkuu. "Angalia hii."

Jumatano, 17 Aprili

Nne zaidi. Mkuu anasema ni kirusi kingine, kimeingia upya. Nimemwambia huenda. Sijafungua ile mistari. Najua nikifungua nitaona nini, ndiyo maana sijafungua.

Alhamisi, 18 Aprili

Nimefungua. Namba tisa.

Lakini mezani kwa namba tisa hakuna kitu, pana vumbi tu na alama ya mraba mahali ilipokuwa mashine. Ile mashine niliyoifuta iko kabatini kwangu, haina hata waya. Na namba tisa inatuma barua.

Nilisubiri watu waende chakula cha mchana. Nikaanza na meza ya kwanza, nawasha, naingia ndani, nasoma namba yenyewe iliyoandikwa humo, nazima. Mashine ya meza ya kwanza ni namba sita. Ya meza ya pili ni namba kumi na moja. Ya tatu nayo haikulingana na meza yake. Ya meza ya nne, meza ya Bwana Mitihani, ni namba tisa.

Miaka sita iliyopita nilipobandika zile namba, mashine zilikuwa na vumbi na gundi haikushika. Nikabandika kwenye meza. Nilijiambia ni kitu kimoja, mashine haina miguu. Siku ile ya paa tulizipeleka zote koridoni, na zote ni nyeusi, zote zinafanana, na kila mtu akarudisha iliyokuwa karibu. Mimi ndiye niliyekuwa napiga kelele tufanye haraka.

Bwana Mitihani aliporudi nilimuuliza kama alifungua kiambatisho chochote mwezi wa tatu. Hakufikiri hata kidogo. "Ah, kile? Nilifungua, kikakataa kuonyesha kitu, nikakifunga. Kwa nini?"

Nikasema, "Basi tu."

Nikamwambia mashine yake inahitaji kusafishwa. Jioni nikaisafisha vizuri, safari hii kwa kuipekua. Kirusi kilikuwamo, na tarehe ya kuingia kwake imeandikwa wazi: 18 Machi, saa tatu na dakika kumi. Sasa hakuna mtu ajuaye isipokuwa mimi.

Ijumaa, 19 Aprili

Nimemwona Mama Mihuri akivuka uwanja na mwavuli. Amenipungia mkono. Sikusema.

Jumapili, 21 Aprili

Nimemweleza wifi jikoni. Alikuwa anasuuza vyombo, akaacha.

"Kesho utamwambia Mkuu."

"Jumanne nina lile somo."

"Somo la nini?"

"La kufuata nyayo za—"

"Usimalizie," alisema. Akafuta mikono. "Wifi yangu, mimi sina elimu ya mashine. Lakini huyo mama anatembea na aibu yako mgongoni, na wewe unatafuta siku ya kumtua?"

Nikasema ni siku mbili tu. Akasema majuto ni mjukuu. Nikamwambia wangu amekuja kabla hata sijapata mtoto. Tulicheka kidogo, kisha hatukucheka tena.

Jumatatu, 22 Aprili

Mvua. Nimeandaa somo.

Jumanne, 23 Aprili

Mafundi ishirini na wawili walikuja. Nilivaa blauzi ya wifi. Niliwaonyesha mistari ileile niliyoionyesha kikaoni, nikawaeleza namna ya kusoma kutoka chini kwenda juu. Mzee mmoja wa chuo cha jirani akanyoosha mkono, akauliza, "Na unahakikishaje kuwa namba hiyo ni ya mashine hiyo?" Nikamjibu kwamba ni lazima uende uifungue mashine yenyewe, usitegemee kibandiko. Akaandika jibu langu. Walinipigia makofi.

Nimerudi chuoni saa tisa. Tarishi alikuwa anatoka ofisini kwa Mkuu, akaniambia kama mtu anayesema habari za mvua: Mama Mihuri ameandika barua ya kuacha kazi leo asubuhi. Kaandika kwamba hataki kuwa mzigo. Mkuu ameshaisaini, imeshagongwa muhuri. Aliondoka saa nane na mwavuli wake.

Saa nane mimi nilikuwa napigiwa makofi. Nimekosa kwa saa moja, na kabla ya hiyo saa moja nilikuwa na siku tano.

Jumatano, 24 Aprili

Nimemwambia Mkuu kila kitu: meza, gundi, paa, namba tisa, tarehe 18. Nilimwambia pia kwamba nilijua tangu Alhamisi. Alinisikiliza huku akizungusha kalamu.

"Kwa hiyo ni msimamizi wa mitihani."

"Ndiyo, Mkuu. Lakini hakukusudia."

"Bila shaka hakukusudia. Mambo haya hutokea." Akaweka kalamu chini. "Na sasa mashine ni safi?"

"Ni safi. Mkuu, ile barua ya onyo ifutwe. Na yeye arudishwe."

"Fundi. Mama ameondoka kwa heshima, kwa hiari yake. Hospitali zimefungua milango. Tukianza kuwaandikia watu kwamba tulikosea mara ya pili, watatuona sisi ni watu wa namna gani? Yamekwisha. Tuyaache."

Nimegundua kwamba ni maneno yangu mwenyewe ya siku tano zilizopita, yeye ameyasema tu kwa sauti. Kwa hiyo nimeshindwa hata kumkasirikia vizuri. Bwana Mitihani alinipita mlangoni, akaniuliza kama mashine yake imepona. Hakuna barua ya onyo iliyokwenda mezani kwake, wala haitakwenda.

Ijumaa, 26 Aprili

Mkuu hataki kuandika, nimeandika mimi. Barua pepe moja kwa wafanyakazi wote na kwa kila hospitali iliyopokea vile virusi. Nimesema si karani wa masjala aliyeleta kirusi, nimesema nilikosea mimi, nimeweka jina langu kamili. Nilituma saa tatu.

Hadi saa kumi nilikuwa naangalia. Imefunguliwa na mtu mmoja kati ya wote. Nilimuuliza tarishi, ambaye hutumia mashine ya mapokezi, kama ameiona. "Nimeiona," alisema, "nikaifuta. Sikuwa naitarajia."

Jumamosi, 27 Aprili

Nimekwenda nyumbani kwake. Nyumba ya vyumba viwili nyuma ya soko, mapazia ya buluu, viatu vimepangwa mlangoni kwa ukubwa. Alinifungulia mwenyewe. Nikamwamkia, akaitika, akanikalisha kwenye kiti kizuri na yeye akakaa kwenye kigoda. Sikuwa na uwezo wa kuzungukazunguka. Nilimweleza yote, mpaka siku zile tano.

Nilitarajia anitukane, na ningefurahi kutukanwa.

"Kwa hiyo sikufungua," akasema.

"Hukufungua, mama."

"Nilijua sikufungua. Nilikuwa nakumbuka kabisa, nilikuwa na kikombe mkono huu, nikaiona, nikaiacha. Kisha ukanionyesha ile mihuri." Alitazama mikono yake. "Miaka ishirini na tisa nawaambia watu, neno la mtu ni neno, muhuri ni muhuri. Nikaona, nani mimi nibishane na muhuri? Nikaacha kujua. Nikirudi hapa jioni najaribu kukumbuka nilivyobonyeza. Na nikakumbuka, mwanangu. Mpaka kidole kilichobonyeza nilikikumbuka."

Nililia. Yeye hakulia. Nikamwomba arudi kazini, nikamwambia nitasimama mbele ya Mkuu, mbele ya kikao, popote. Akatikisa kichwa. "Siwezi kukaa tena meza ile. Kila nitakaposhika kitu nitakuwa najiuliza."

Aliingia ndani akarudi na ile karatasi ya stoo. Majina arobaini na namba zao za simu, kwa mwandiko wake ulionyooka, kila jina na alama ya vema. "Hawa wote niliwaomba radhi kwa mdomo wangu," alisema. "Mmoja mmoja. Radhi zangu ziko kwao, na mimi sikuwa na kosa. Sitaki kingine. Nirudishie hizo."

Nimeahidi.

Jumatatu, 29 Aprili

Nimekaa kwenye meza yangu na karatasi ya Mama Mihuri, nimefunga mlango. Jina la kwanza ni karani wa ile hospitali kubwa.

"Nakupigia kuhusu yule mama wa chuo cha uuguzi," nilisema, "aliyekuomba radhi kwa ajili ya zile barua zenye virusi."

"Aaa, yule mama! Jamani, mwambieni asijisumbue. Tulishamsamehe zamani."

"Hapana, dada, ndilo ninalopigia. Hakuwa yeye. Mashine haikuwa yake. Mimi ndiye fundi, mimi ndiye niliyekosea."

"Ndiyo, ndiyo. Sote tunakosea. Ni mama mnyenyekevu sana yule, alinitia huruma."

"Dada, hakufanya kosa lolote. Hana cha kusamehewa."

"Nimekuelewa kabisa," akasema kwa upole. "Msalimie sana. Mwambie sisi huku hatuna kinyongo naye, tumemsamehe kwa moyo mmoja."

Akakata simu. Nimekaa na kalamu mkononi mbele ya lile jina. Kisha nimepiga tena namba ileile.